Kazi Isiyo na Mshono

Hapa Makorora mtu akitaka kumsifu fundi wa kuchomelea husema kazi yake haina mshono. Maana yake ukipitisha kidole pale chuma kilipoungwa na chuma husikii kitu, laini, utadhani kilizaliwa kipande kimoja. Mie nikiisikia sifa hiyo siku hizi napandwa na hasira, na kama nimeshika mwiko ni heri huyo msifuji asogee mbali. Aliyekuwa akisifiwa hivyo kuliko mafundi wote wa mtaa huu ni Uweso, na mie nimekaa mbele ya karakana yake miaka nenda miaka rudi nikiuza chai, vitumbua na maharage. Jina langu Mwanasiti. Wanaonijua wanajua kwamba sina ulimi wa kubembeleza.

Uweso ni Mzigua wa Pangani, ng'ambo ya mto. Alikuja mjini bado kijana, hana mbele wala nyuma, akapokewa na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti na nondo za madirisha. Pale ndipo alipopata mkono wake. Nyumba kadhaa za wenye nazo kule Raskazone zina mageti yake mpaka leo, ya maua na majani ya chuma, na huoni hata mahali pamoja palipoungwa. Ukichomelea chuma, pale moto ulipopita hubaki uvimbe, kama kovu. Uweso hakuupenda uvimbe ule hata kidogo. Aliukwangua na grenda mpaka ukalala sawa na chuma, akapaka puti ya kusawazisha, akapiga msasa, akapulizia rangi. Wenye nyumba wakapitisha vidole wakafurahi. Na kusema haki, geti hata ukiliunga kwa gundi litasimama tu, maana kazi yake ni kufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni.

Sitaki mtu anisikie akadhani namsema vibaya. Alikuwa mwanamume mwema, tena mwema wa kweli, si wale wa kujionyesha Ijumaa. Mkewe Sabiha alifariki binti yao Shadya akiwa bado ananyonya, na watu wakamwambia ampeleke mtoto kijijini kwa bibi, akakataa. Akamlea mwenyewe. Asubuhi alikuja naye karakanani amembeba begani, akanikalishia kwenye benchi langu, nikampa kitumbua. Alijifunza hata kusuka nywele, na jamani alikuwa msusi mbaya. Nilikuwa nazifumua zile nywele na kuzisuka upya kabla mtoto hajaenda chuoni kusoma Kurani, nikimtukana baba yake hapohapo naye akicheka. Hakuoa tena. Ukimuuliza alisema nyumba yake imeshajaa.

Basi zikaingia pikipiki, bodaboda kila kona, na Uweso akaacha mageti. Hapa kwetu mwanamke mwenye heshima zake hapandi pikipiki kwa kutanua miguu. Hukaa upande, na baibui lake, mkono mmoja umeshika keria, miguu inaning'inia, roho mkononi. Shadya alipokuwa msichana alirudi siku moja analalamika kwamba ama ushike kiuno cha mwanamume usiyemjua, ama uanguke. Uweso akasikiliza, akaingia kazini. Akatengeneza kitu kimoja cha kuunganishwa ubavuni mwa pikipiki: kibao cha kukanyagia miguu yote miwili, mkono wa kushikia, na kiegemeo kidogo cha mgongo. Akakiita sitara.

Wallahi kilipendwa. Wanawake wa Makorora, Mabawa na Ngamiani walikuwa wanaangalia pikipiki ubavuni kwanza. Isiyo na sitara wanaiacha ipite. Madereva wakapanga foleni pale mbele yangu, wakinywa chai yangu wakisubiri. Hata msikitini alishukuriwa mbele za watu kwa kuwahifadhi wanawake. Na kila sitara iliyotoka pale ilikuwa haina mshono.

Ukuta kwa ukuta na Uweso alikuwa Tadeo, fundi pikipiki. Huyu ni Mnyamwezi, mtoto wa manamba, baba yake aliletwa kukata mkonge akazeekea huku, na Tadeo mwenyewe kazaliwa shambani huko na kubatizwa na mapadri. Sasa Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, anaweza kumtukana, kumnyang'anya chakula sahani ikiwa mbele yake, kumwambia neno ambalo likitoka kwa mtu mwingine ni ngumi, na sheria ni moja tu: hakuna kukasirika. Wale wawili waliushika utani ule barabara. Asubuhi Tadeo akifika humuuliza Uweso kwa nini hajafagia uwanja wa bwana wake. Uweso humjibu kwamba aliyenunuliwa kwa kipande cha kaniki hana ruhusa ya kuuliza. Ndiyo ilikuwa redio yangu, na wateja wengine nina hakika walikuja kwa ajili ya hiyo zaidi kuliko vitumbua.

Na katika matusi hayo yote, Tadeo alikuwa na moja alilorudia kila uchao. Alisema Mzigua huyu anaremba maiti. Alisema Uweso akimaliza kukwangua, kinachoshika sitara ni puti na dua, na kwamba geti limesimama lakini pikipiki inakwenda, inaruka matuta, inanyeshewa, inalala nje kwenye hewa ya chumvi. Watu walikuwa wanagonga mabenchi kwa kicheko. Uweso anamjibu kwamba kazi za Wanyamwezi zina manundu kama vichwa vyao. Sasa niambieni: mtu huyohuyo dakika moja iliyopita kasema kichwa cha Uweso ni dafu na mdomo wake ni kifuu. Nani angechambua lipi la kweli na lipi la mchezo?

Ishara zilikuwepo. Mama mmoja muuza samaki alikatikiwa na kibao karibu na soko, akachubuka mguu, akaja anafoka. Uweso akamwomba radhi, akakichomelea upya bila malipo, na ukidhani aliuacha uvimbe safari hii, umekosea. Alikwangua tena mpaka kikang'aa. Yule mama akapitisha kidole, hasira ikamwisha, akaondoka anatabasamu. Mie wanawake wenzangu nao wananiudhi.

Shadya akaolewa na Luqmani, dereva wa bodaboda, kijana mtaratibu, wakahamia Mabawa. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka, tena ikiwa kubwa, na Shadya akakonda mpaka baibui likawa linamtembea mwilini. Uweso alikonda pamoja naye. Kazi ilikuwa inamdondoka mikononi, na asubuhi chai yangu ilikuwa inapoa mbele yake. Basi Mungu akajalia ya tatu ikashika. Kliniki wakamwambia Shadya asibebe mzigo na asikose hata mara moja kwenda kupimwa. Uweso alikuja akaniambia mie kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kunong'ona, kana kwamba mimba ikisikia itaondoka. Alisema safari hii atafika nao mpaka mwisho, mtoto huyu hatapotea, na kama ni kumbeba Shadya mgongoni kwenda hospitali atambeba.

Hakumbeba mgongoni. Alimtengenezea sitara.

Aliacha kazi za watu, madereva wakanung'unika, akajifungia na hiyo moja. Hakutaka bomba lile zito analotumia siku zote, alisema linatisha kama ngazi ya kupandia minazi. Akachagua jembamba, la viti vya sebuleni, linalopinda vizuri. Akaweka sponji kwenye kiegemeo. Akaweka sponji hata kwenye mkono wa kushikia, ili kiganja cha Shadya kisiume. Na kwenye maungio, mama yangu, hapo alikwangua kuliko alivyowahi kukwangua maishani mwake. Alikuwa anakwangua, anafumba macho, anapapasa kwa kidole gumba, anakwangua tena. Mteja mmoja alimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema mwanawe hawezi kukalia kitu chenye makovu. Alipopulizia rangi ya fedha na kukiweka juani, mtaa mzima ulisimama kutazama, na mie nikatoka na sufuria yangu nikatazama. Kilikuwa kizuri. Siwezi kudanganya.

Tadeo alikuja akainama. Alikiangalia kwa chini, pale kinapoungana na mwili wa pikipiki, akagonga kidogo kwa spana, akasikiliza. Hakusema tusi lolote. Alimshika Uweso mkono akamvuta pembeni, nyuma ya bati linalokinga karakana, hatua chache kutoka kwenye jiko langu, na mie nikasikia kila neno.

"Uweso, hiki Shadya asikipande," akasema. "Umekwangua mshono wote, hakuna kilichobaki. Chomelea upya, acha uvimbe wake, hata kama utakuwa mbaya. Nakuomba."

Uweso akamtazama. Madereva walikuwa wamejaa uwanja mzima pale nje, wanasubiri, wengine wameshatoa simu wanapiga picha sitara ile. Kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho sijawahi kumsikia nacho, akatoka mbele ya bati akawaita watu waje wamwone mtumwa wake, leo kavaa uso wa msiba kwa wivu wa kazi ya bwana wake. Watu wakacheka wakashikana mabega. Tadeo alibaki amesimama nyuma ya bati. Sheria ni sheria. Mwisho naye akatoka, akatabasamu, akasema wivu utamwisha siku Mzigua atakapojifunza kuoga. Mie niliona ni kawaida yao.

Lakini Tadeo hakuishia hapo. Alimfuata Luqmani kijiweni kwake, na haya aliniambia Luqmani mwenyewe baadaye, analia. Alimwambia akifungue kile kitu akiweke ndani, au angalau amruhusu atoboe matundu apige bolti nne za kushikilia. Luqmani akamwuliza atafungua vipi kitu alichopewa na baba mkwe, mbele ya mtaa, kwa mikono yake mwenyewe. Atamtazama kwa jicho gani? Na hizo bolti zitaichubua rangi, mzee ataona siku ya kwanza tu. Kwetu mkwe akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili na kukitumia, ndiyo adabu. Tena Luqmani alijua Tadeo ni mtani. Alimsikiliza kwa heshima, akamuaga kwa adabu, na akiwa njiani akacheka peke yake.

Shadya akaipanda sitara ile kwenda kliniki na kurudi. Mara nyingi walipitia kwangu, yeye kakaa pale juu kama bibi harusi, tumbo mbele, na Uweso anatoka na kitambaa anamfutia vumbi la kibao kabla hajateremka. Nilimuuliza mtoto anachezaje. Akachukua mkono wangu akauweka tumboni nikasikia teke. Masika yakaja, mvua ikanyesha, ikakatika, jua likawaka.

Ajali yenyewe haikuwa na kishindo. Luqmani alikuwa anakwenda taratibu, watu waliokuwepo wote wamesema, maana mke alikuwa amekaribia siku zake za kujifungua. Akafika kwenye tuta. Gurudumu la mbele likapanda, Shadya akajikaza kwa miguu ili asitikisike, akakanyaga kibao kwa uzito wake wote, na kibao kikang'oka upande mmoja. Miguu ikateleza chini, baibui likaingia kwenye gurudumu la nyuma, likamvuta. Akaangukia kisogo. Luqmani alisimama papo hapo lakini kusimama hakukusaidia kitu. Walimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, na kabla adhana ya adhuhuri haijaisha madaktari walitoka kusema hayupo, wala mtoto hayupo. Alikuwa wa kiume.

Pikipiki ililetwa kwa Tadeo na vijana ambao hawakujua pa kuipeleka. Niliacha jiko langu nikaenda. Pale kibao kilipokatikia, puti ilikuwa imepasuka vipande vyeupe kama ganda la yai, chini yake kutu, na chini ya kutu mshono wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukucha wa mtoto. Tadeo alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Akachukua gunia, akaifunika sehemu ile, akafunga duka.

Wanawake tulimwosha Shadya.

Msibani Uweso alikaa kwenye jamvi nje, na kila aliyekuja kumpa pole yeye alimwambia habari za tuta. Tuta lile halina alama, tuta lile limejengwa vibaya, kubwa mno, litaua wengine. Watu wakaitikia. Wakamwambia ni qadari, siku zake zilikuwa zimefika, naye akatikisa kichwa kukubali, kisha akaja mwingine, Uweso akaanza upya habari za tuta. Mafundi wenzake walikuwepo, madereva wa bodaboda walikuwepo, hakuna aliyetaja sitara. Pikipiki zao zilikuwa zimejipanga barabarani, kila moja na sitara yake ubavuni, na nilimwona kijana mmoja akiitikisa ya kwake kwa mguu, kwa siri.

Kwa watani, msiba ni siku yao. Sabiha alipofariki, Tadeo alilala kifudifudi mlangoni akazuia jeneza lisitoke. Alisema marehemu alikuwa mtumwa wake, amekufa bila ruhusa, hamziki mtu bure. Alivaa kanga ya marehemu akaiga alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka, na Uweso akacheka, akaweza kula. Ndivyo mtani anavyomtoa mtu shimoni. Akitania, ni kama anasema: kifo hiki ni kama vifo vingine, Mungu kachukua chake, inuka.

Kwa hiyo watu walimsubiri Tadeo. Alikuja na shati safi. Alikwenda makaburini, alichimba pamoja na wengine, hakuingia shimoni kuzuia, hakudai sanda, hakumwita mtu mtumwa. Wanaume waliporudi alikaa ukingoni mwa jamvi, karibu na Uweso, mikono magotini, udongo bado kwenye kucha. Nilitoka ndani na birika la kahawa kuwamiminia. Kila jicho lilikuwa linamtazama yeye, na Uweso alikuwa anamtazama kuliko wote, kama mwenye kiu anavyotazama mtungi.

Nikamfikia Uweso. Hakupokea kikombe. Alimshika Tadeo mkono.

"Mtani, mbona kimya?" akasema. "Nitanie. Niite mtumwa, niite unavyotaka. Sema neno, watu wanasubiri."

Tadeo alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Leo sina utani, Uweso," akasema. "Hata siku ile nyuma ya bati sikuwa nao."

Mie birika lilikuwa linaniunguza mkono nikashindwa kuliweka chini. Nilidhani Uweso atapiga kelele, au atarudia habari za tuta. Hakufanya hayo. Aliuachia mkono wa mwenzake polepole, akasema kwa sauti ya chini, lakini tuliokuwa karibu tulisikia sote:

"Nilijua. Nilipokuona huna hata tusi, nilijua. Ndiyo maana nilicheka kwa nguvu vile."